Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza, ya kutania tu. Imelowesha vumbi ikaenda zake.

Naandika kwa sababu nimeamriwa. Mwalimu wa hesabu amewapa watoto kazi ya masika yote: kila nyumba iweke kopo uani, mtoto apime maji kila asubuhi, na mzazi aandike kwa mkono wake ili mtoto asidanganye. Masika yakiisha watachora mchoro wa mvua yote iliyonyesha. Nikamwambia binti yangu, mwanangu, mwandiko wangu mimi ni wa chaki juu ya kitambaa. Akasema andika hivyo hivyo, mama, na ukitaka ongeza na mambo yako, mwalimu anaangalia mvua tu. Haya basi. Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga. Limewekwa juu ya tofali, mbali na michirizi ya bati, kwa sheria ambazo mimi mwenye nyumba sikushirikishwa.

Binti huyu mtaa mzima unamwita Rula. Ni mwembamba, mrefu, na rula haimtoki mkononi hata akienda dukani. Kwa hiyo mimi ni Mama Rula, na baba yake, ambaye ni mlinzi wa ghala, ni Baba Rula. Majina yetu ya kwanza tumeyasahau sisi wenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Hakuna mvua. Kola za shati, kutwa nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Manyunyu. Jioni mkutano wa Umoja wa Wazazi, nyuma ya bucha ya Mwenyekiti, pale anapotundikia ndoano. Tunakaa juu ya makreti na nzi wanahudhuria bila kualikwa.

Niseme ukweli, huu Umoja naupenda. Kabla yake palikuwa na kibanda cha pombe mkabala na lango la shule, na watoto wakijua bei ya chupa kuliko bei ya daftari. Tuliandamana wazazi, tukakaa chini mbele ya mlango siku nzima, kikafungwa. Hakuna mkubwa aliyetusaidia. Mwenyekiti aliuza nyama asubuhi, akaja kukaa na sisi mchana na aproni yake ya damu. Kijana wake wa kwanza alipotelea kwenye pombe ile ile, wala hajui alipo mpaka leo. Akisema "samaki mkunje angali mbichi", wengine huwa wanasema methali, yeye anasema habari za nyumbani kwake.

Jumanne, 12 Machi

Mvua ya haja. Rula kapima vidole viwili na nusu, kafurahi utadhani yeye ndiye kainyesha.

Kanionyesha tena karatasi ya ile shule ya sayansi ya bweni. Mtihani wa kuchuja ni mwezi wa sita. Mwalimu wa hesabu amemwambia akikaza, atapita. Anataka kuwa mpimaji wa ardhi. Nilipomuuliza kazi hiyo inafanyaje, akasema ni kama yako, mama, ila kitambaa ni dunia. Nilijifanya natafuta sindano.

Sitaki ashike mkasi. Nimeshika mimi tangu nikiwa na umri wake. Nakumbuka shati langu la kwanza kwa bibi aliyenifundisha: nilikata mkono kwa kufuata karatasi ya kukatia, nikaweka karatasi ile ile vile vile, nikakata mwingine, nikashona, nikapata shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nilikuwa sijui kwamba karatasi lazima uigeuze. Bibi yule alilivaa, akazunguka nalo uani mkono mmoja umepinda kinyumenyume, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Niliharibu vitambaa mwaka mzima kabla halijaniingia. Yatosha mmoja katika ukoo.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Mwalimu wa hesabu mwenyewe kaleta suruali, imepasuka magotini. Kijana mpole, ana chaki mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia ngojea foleni, akasema hata baada ya masika, mama, nina nyingine. Naona ndiyo hiyo aliyovaa.

Jumatatu, 18 Machi

Nitaandika tu.

Mvua kubwa tangu saa nane. Bati la nyumba hii halina dari, ikinyesha namna hii mtu hupigiwa kelele sikioni na bado akaitikia kitu kingine. Nilikuwa na mashine, napiga pindo. Rula akaingia kalowa chapachapa. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila siku, bila kuinua kichwa, "Leo mmesoma nini?"

Akajibu huku anavua viatu. "Mwalimu wa hesabu katufundisha kinyume cha maumbile. Kasema kesho kila mtu aje na kioo."

Mguu ukaniganda kwenye pedali. Nikamtazama mtoto, kakunja uso kwa baridi, hana hata wasiwasi.

"Ni rahisi, mama," akapaza sauti. "Kioo unakiweka hapa katikati, halafu unaangalia. Niazime kile chako kidogo."

Nikamwambia kimevunjika. Hakijavunjika. Nimekificha chini ya godoro.

Sikumuuliza zaidi. Ningemuuliza nini? Mambo hayo mama hamwulizi binti yake. Mama yangu mimi hakuniambia neno mpaka siku ya kuolewa, na siku hiyo alimtuma shangazi. Nimekaa naangalia mashine mpaka taa imewashwa.

Baba Rula alipoamka kwenda lindo nikamwambia kila kitu kwa kunong'ona. Akafunga viatu kwanza. "Ulimuuliza mtoto?"

"Mambo kama hayo nitamuulizaje?"

"Kwa mdomo," akasema, akachukua tochi yake akaenda. Baba Rula maneno anayabana kama mshahara wake.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimemwambia Mama Mkaa, mwandani wangu, peke yake. Nimemwapisha.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mtaa mzima unajua. Kumwapisha Mama Mkaa ni kuziba gunia kwa mate. Angalau hakunitaja, hilo kaniapia tena.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua vidole vitatu.

Mkutano ulijaa mpaka nje, watu wamejifunika mifuko ya nailoni. Neno nililotoka nalo nyumbani sikulitambua. Lilikuwa limenenepa njiani. Sasa darasa lilifungwa mlango, vioo vilikuwa vikubwa, na kuna mtoto alilia. Nikajiambia labda wengine wameambiwa na watoto wao zaidi ya nilivyoambiwa mimi.

Baba mmoja akauliza aliyeyasema haya ni nani. Mama Mkaa akasema, "Ni mzazi mmoja." Moyo wangu ulisikika mpaka kwenye makreti. Mwenyekiti akainua mkono. "Tusimtaje. Tukimtaja tumemtaja na mtoto wake. Sisi tunalinda watoto, hatuwaaniki." Nilimpenda sana kwa neno lile.

Tumekubaliana Jumatatu tunaenda shuleni.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua ilitunyeshea tukiwa njiani na hakuna aliyerudi. Nilikuwa mstari wa mbele, nimejifunga kanga kiunoni. Mwalimu Mkuu alitoka na mwavuli, akauliza kulikoni, akaambiwa kulikoni na watu wote kwa pamoja. Akaenda mwenyewe kumwita mwalimu wa hesabu. Kijana akatoka darasani na chaki mkononi.

"Wazazi wangu, ile ni hesabu," alisema. Nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Hesabu gani ya kioo?" Watu wakacheka kwa hasira, na baada ya hapo alikuwa anafungua mdomo tu. Madirishani watoto walikuwa wamejaa. Mwalimu Mkuu akamshika bega akamwambia, nenda nyumbani kwanza mpaka tuchunguze. Kijana akaiweka chaki kwenye kizingiti cha dirisha, taratibu, akaondoka bila mwavuli.

Jioni Rula amelia. "Hajafanya kitu! Ni hesabu tu!" Watoto wa wenzangu nao wanasema hivyo hivyo majumbani. Mwenyekiti alikuwa ameshatuonya: mtoto akitetea, ameharibiwa, akinyamaza, ametishwa. Nimemkumbatia. Alikuwa mgumu kama ubao.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Kipindi cha hesabu anakaa mwalimu wa kuimba. Wanaimba tebo ya saba.

Ijumaa, 5 Aprili

Mwenyekiti katangaza anagombea udiwani. Wote tumesimama kupiga makofi. Nani mwingine? Wale wa siku zote huja na gari, hushusha kioo nusu, hutuuliza hali zetu, hupandisha kioo kabla hatujajibu. Huyu tunamjua mizani yake na kisu chake. Amesema kwanza atazungusha ukuta shule nzima, kisha maabara. Maneno ya bango lake ni haya: TULINDE MAUMBILE YA WATOTO WETU. Mimi nimepewa kushona mashati meupe yenye kola ya kijani, ya wapiga debe wake.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Mashati.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikatika asubuhi. Kimya, matone tu ya mwishomwisho. Nilikuwa nimetandaza karatasi ya mkono wa shati juu ya meza, natafuta chaki, mkasi mkononi. Rula akaja, akaniangalia, akaingia chumbani, akarudi na kioo changu kidogo. Alikuwa amekiona chini ya godoro siku nyingi, wala hakuniuliza kwa nini nilimwambia kimevunjika. Akakisimamisha wima kwenye ukingo wa karatasi.

"Ona, mama. Mkono wako wa pili huu hapa."

Nikachungulia. Ndani ya kioo kulikuwa na mkono wa kulia, umekamilika, na mpindo wake wa kwapa mahali pake.

"Unafanya nini?"

"Kinyume cha umbo. Mwalimu alitufundisha siku ile, kabla hamjamfukuza."

"Kinyume cha nini?"

"Cha umbo." Akaniangalia kama ninavyoangaliwa na watu wanaojua kusoma vizuri. "Maumbo, mama. Pembetatu, mstatili. Unaweka kioo kwenye mstari wa katikati, unaangalia kinyume chake, unachora. Mimi nilimwambia mama yangu anafanya hivi kila siku na wala hana kioo. Darasa zima likapiga makofi."

Mkasi uliniponyoka, ukasimama kwenye sakafu ya udongo karibu na mguu wangu. Rula akauchomoa, akaufuta, akanirudishia, akaenda kupima mvua ya jana.

Maumbo. Ee Mungu wangu. Maumbo.

Siwezi kula. Mimi ambaye nageuza karatasi ile kila siku ya maisha yangu, mimi nikasikia lile lingine. Na kama ningemuuliza mara ya pili tu, kwa sauti. Lakini niliona haya. Niliona haya kumuuliza mwanangu, sikuona haya kumwambia Mama Mkaa.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kwa Mwenyekiti mapema, kabla hajafungua bucha. Alikuwa ananoa kisu. Nikamweleza yote, na kioo nikamwonyesha, nikakisimamisha kwenye karatasi ya nyama. Alisikiliza vizuri, hilo simnyimi. Kisha akaketi.

"Mama Rula, una hakika?"

"Nina hakika. Nilisikia vibaya. Mvua ilikuwa kubwa."

Akajifuta mikono, ingawa ilikuwa safi. "Watu walikuwa wamelala, dada yangu. Miaka mingapi tunawaita hawaji? Sasa wameamka, wote, mpaka wale ambao hata watoto hawana. Huwezi kumwamsha mtu kwa kelele za mwizi, halafu ukamwambia rudi ulale, alikuwa paka."

"Lakini alikuwa paka."

"Leo paka. Wezi hawapo? Kibanda kile cha pombe kilikuwa paka? Mwanangu alichukuliwa na paka?" Akasimama akatundika nusu ya ng'ombe kwenye ndoano, peke yake, kazi ya watu wawili. "Ngoja nishinde. Nikishinda nitamrudisha kijana yule kimyakimya, kwa heshima. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Nilirudi nimebeba nyama ambayo sikuiomba.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Nimemweleza Mwalimu Mkuu, kaniambia barua ya kumkataa mwalimu imeshakwenda wilayani. "Na mama, wewe si ulikuwa pale mbele? Nilikuona, ulijifunga kanga." Nikaondoka.

Mama Mkaa nimemweleza naye. Akashika kiuno. "Maumbo, maumbile, si ndugu hao? Acha kujitesa." Mwandani wangu huyu. Tumelea watoto pamoja, na leo kwa mara ya kwanza nimemwona mpumbavu, na mimi nimemzidi kwa upumbavu kwa kuwa siri aliyoimwaga nilimpa mimi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Mashati. Nashona kola za kijani, na kila moja naona kama namfunga mtu shingo.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua vidole vinne. Rula anasema ndiyo kubwa kuliko zote mpaka sasa.

Mwalimu wa hesabu kaja kuchukua suruali yake. Kahamishwa, mbali, anaondoka kesho. Suruali nilikuwa nimeishona zamani, nikaipiga pasi mara tatu kwa kukosa la kufanya. Akasimama mlangoni hataki kuingia, nadhani anaogopa watu wasije wakasema. Nikamlazimisha aingie ndani.

Akaangalia ukutani ninapotundika karatasi zangu za kukatia, migongo, vifua, mikono. Akazisogelea. Akashika ya mkono, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Akatabasamu.

"Mama Rula, ningalijua, ningalikuita darasani. Wewe ungenimalizia mada ile kwa nusu saa."

Nilitaka kusema. Namwapia atakayesoma, nilifungua kinywa. Kikatoka, "Hakuna malipo, mwanangu." Basi.

"Rula asiache kupima mvua," alisema. "Asiniangushe. Akiendelea hivi hivi, yule anafika." Akavaa kofia, akatoka. Kwenye kizingiti ikabaki alama ya kiatu chake, na mpaka jioni sijaifagia.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua kidogo. Nimeamua. Mkutano mkubwa wa kampeni ni Jumamosi ijayo, uwanja wa shule. Nitasimama mbele ya watu wote niseme. Nimemwambia Baba Rula. Akavua kofia, akakaa. "Useme polepole," akasema, "na uanze na neno lenyewe, usianze na wewe." Sijawahi kusikia sentensi ndefu hivyo kwake.

Jumapili, 12 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Uwanja ulijaa. Wingu lilikuwa limebeba lakini halijashusha. Watoto wa darasa la Rula walipangwa mstari kando ya jukwaa, wamevalishwa vitambaa vya kijani, waimbe. Ndivyo mwalimu wa kuimba alivyoamua. Somo pekee ambalo sasa wanalijua barabara. Rula alikuwa wa mwisho, kichwa kimewapita wote.

Mwenyekiti alihutubia, akauliza nani ana neno. Nikanyoosha mkono. Aliniona, akasita. Nilimwona akisita. Kisha watu walio karibu wakapiga kelele mpeni mama, mpeni mama, na kipaza sauti kikanifikia, kinakoroma kama mgonjwa.

Baba Rula alishanifundisha, anza na neno lenyewe. Lakini nilipoona watu wote wale, nikaanza na mimi. Nilisema, "Ndugu zangu, yule mzazi aliyeyasema yale ya mwalimu, ni mimi."

Nilipumua ili niendelee. Ile pumzi moja ndiyo iliyonimaliza. Uwanja ulilipuka. Vigelegele, makofi, watu wanarusha kofia. "Mama shujaa! Mama shujaa!" Nikapaza sauti: nilisikia vibaya, ni maumbo, ni maumbo jamani! Kipaza sauti kikalia mluzi, na waliokuwa karibu wakalidaka lile neno wakaligeuza wimbo, "Mau-mbi-le! Mau-mbi-le!" Mama Mkaa akanikumbatia huku analia kwa furaha. Nikainuliwa juu. Mimi, na uzito wangu huu, nikabebwa mabegani na vijana waliovaa mashati niliyoyashona kwa mkono wangu.

Kutoka kule juu nilimwona Rula. Wenzake walikuwa wanapiga makofi, ni watoto. Yeye mikono imemning'inia. Alikuwa ananiangalia, midomo imefunguka kidogo, kama anavyofanya akiwa anajumlisha kitu kichwani. Nikaona kabisa alipofika kwenye jibu.

Mvua ikashuka hapo hapo, watu wakakimbia.

Nyumbani nilimwambia yote. Bati, mashine, neno. Nilimwambia nilitaka kuwaambia ukweli mbele yao na wamenizuia. Alisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, mwanangu, nilimlea mwenyewe.

"Ungeniuliza," akasema.

"Niliona haya, mwanangu."

"Nilikuwa hapo, mama. Nilikuwa navua viatu."

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Hakupima.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Nimepima mimi, kwa vidole. Vitatu. Sijui kama vidole vyangu vinahesabika, ni vinene kuliko vyake.

Jumatano, 15 Mei

Nikamuuliza leo mmesoma nini. "Hamna."

Jumapili, 19 Mei

Mwenyekiti kashinda, kura hata hazikukaribiana. Kaleta nusu mbuzi. Watu wananiita Mama Kioo sasa, kwa heshima. Wateja wameongezeka.

Ijumaa, 24 Mei

Hamna.

Jumatatu, 3 Juni

Manyunyu. Nimekwenda ofisini kwa diwani wetu. Ana kiti cha kuzunguka, bado hajakizoea, anashika meza ili kisimpeleke. Nikamkumbusha ahadi. Alishusha macho. Ameandika, anasema. Wilayani wamemjibu mwalimu hawezi kurudishwa mahali ambapo wazazi wenyewe walimkataa kwa maandamano, na mwingine wa hesabu hayupo, labda mwakani. "Nimejaribu, Mama Rula." Namwamini. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba namwamini. Dirishani kwake niliona mafundi wanapandisha ukuta wa shule. Ukuta mzuri, mrefu, umenyooka. Alisema atauzungusha, na anauzungusha. Watoto wetu watakuwa salama mle ndani na hakuna wa kuwafundisha.

Jumatatu, 10 Juni

Hakuna mvua. Mtihani. Nilimsindikiza mpaka langoni, nikampa kioo changu kidogo cha bahati. Akanirudishia. "Hawaruhusu vitu, mama."

Alipotoka nilimuuliza, kulikuwa na yale ya maumbo? Akasema kulikuwa na mada nyingi ambazo hawakufika. Maumbo aliyapata yote.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna mvua. Nimeota narudi kwenye ile siku, nasimamisha mashine. Nikaamka nikiwa nimefurahi, mpaka nilipokumbuka.

Ijumaa, 21 Juni

Majibu. Hakupita. Shuleni kwetu hajapita hata mmoja. Mwalimu Mkuu kanisomea, upungufu ni wa hesabu tu, masomo mengine amewazidi wote. Kanitazama kwa muda.

Mama Mkaa kapita kunipa pole. "Mungu hupanga," kasema. "Angalau wamebaki wazima." Bado naamini mtoto afunzwe adabu, alindwe, akunjwe angali mbichi. Naamini yote. Sijui tu tulikuwa tunamkunja nani.

Jumamosi, 22 Juni

Masika yameisha. Anga nyeupe, bati limekauka, linatoa mlio mdogo tu jua likilipasha. Nyumba kimya mpaka nasikia kuku wa jirani akitembea.

Rula alitoa kopo uani bila kuambiwa. Akaliosha, akalifuta, akaja kulimiminia vifungo vyangu vilivyokuwa vimetapakaa mezani. Kisha akavuta kiti cha pili akakaa kando yangu.

"Nikusaidie nini?"

Nilisema kapumzike. Nilisema mwakani utarudia. Tutatafuta shule nyingine, nikasema, kuna shule nyingi. Alinisikiliza kwa adabu ile ile. Halafu akachukua karatasi ya mkono, akaitandaza juu ya kitambaa, akachora kwa chaki, akakata. Mkasi umemkaa mkononi. Nikasubiri.

Akaigeuza karatasi. Hakufundishwa na mtu nyumba hii. Akaigeuza upande wa pili, akailinganisha na uzi wa kitambaa kwa rula yake, akakata mkono wa kulia, akaulaza pembeni ya wa kushoto. Haikupishana hata kwa upana wa uzi. Mimi ilinichukua mwaka.

Nilisimamisha mashine. Hakuna mvua, hakuna kelele, ningesikia hata akinong'ona.

"Umekata vizuri," nikamwambia.

"Ahsante, mama," akasema, akavuta kitambaa kingine.